Penseli Kwenye Sikio la Amisi

Nakumbuka siku moja nilivyokosa hamu ya kula kwa sababu ya kitu kidogo, chenye urefu wa kidole. Ilikuwa penseli. Usicheke, mwanangu. Wenzangu wamekonda kwa ajili ya shamba, wengine kwa ajili ya mwanamke mzuri. Mimi, Butoyi wa Mwandiga, nilikonda kwa ajili ya penseli, tena haikuwa yangu, tena ilishatafunwa upande mmoja.

Ngoja nikueleze polepole. Nyie vijana mnataka hadithi ianzie mwisho.

Kwanza ujue kwamba wivu mimi nilizaliwa nao. Kwetu Waha mapacha hawamsumbui mtu kutafuta majina: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Kwa hiyo hata kabla sijafungua macho kulikuwa na mtu ameshanipita. Mama alikuwa akisema Bukuru alizaliwa analia, mimi nilizaliwa nimenuna.

Shule niliishia darasa la tano. Watu wakiniuliza kwa nini, nasema njia ilikuwa ndefu. Ukweli ni kwamba mwalimu alileta hesabu za sehemu, mara robo, mara thumni, moja imekaa juu ya kichwa cha nyingine kama wanacheza sarakasi, nikaona hii vita siiwezi. Nikasema nitakwenda kwenye useremala. Huko hakuna hesabu, kuna mbao tu. Na ndicho mnachoniambia na nyie leo. Mnakuja asubuhi na shikamoo tamu, "Babu, darasani sikuwa vizuri, nimeona bora nije kwenye randa." Mimi naitika marahaba huku nacheka kimoyomoyo. Ni sawa na mtu anayeogopa maji kwenda kuomba kazi ya kuvua dagaa.

Karakana ya Mzee Hamimu ilikuwa Ujiji, chini kidogo ya soko, bati juu na nguzo pembeni, upepo unapita utakavyo. Mzee alikuwa mfupi, mpole, na vumbi la mbao lilimpenda kuliko mke. Akienda msikitini wenzake walimkung'uta mlangoni kwanza. Pale kwake kulikuwa na utaratibu mmoja ambao sijauona kwingine. Penseli ilikuwa moja. Si kwamba dukani ziliisha. Mzee alisema karakana yenye penseli mbili ni nyumba ya wake wawili wasiosalimiana: huyu anaweka alama yake, yule anaweka yake, na ubao unakatwa katikati ya ugomvi. Kwa hiyo mtu mmoja tu ndiye alipima na kuchora mstari. Wengine, hata uwe na misuli ya punda, kazi yako ni kukata palipochorwa. Mwenye penseli aliivaa sikioni. Mteja akiingia haulizi fundi yuko wapi, anaangalia masikio.

Miaka yote ilikaa kwa Mzee mwenyewe. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu tukajua penseli itahama. Na mimi ndiye niliyekaa pale kuliko wote. Randa yangu ilikuwa inateleza kama mtumbwi asubuhi, ubao nikiupitia unaweza kujitazama. Sikio langu nilishaliandaa. Nilimwambia kinyozi apunguze nywele upande huo, ili siku ya siku kusiwe na kizuizi.

Halafu akaja Amisi.

Alitoka ng'ambo, upande wa Kalemie, akiwa na begi moja na ndala zilizotofautiana rangi. Kijana mwembamba, umri wangu, Kiswahili chake cha Kikongo kinapanda na kushuka. Mzee alimpa ubao mrefu, akamwambia augawe vipande sita vilivyo sawa. Mimi nikakaa pembeni nifurahie. Ningekuwa mimi ningegawa kwa macho, na kipande cha sita kingekuwa cha kufungia banda la kuku. Amisi akapima urefu wote, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu kwa Kifaransa chini kwa chini, "sanki, sisi, seti," kama mtu anayesoma dua. Akasema, "Mzee, vipande sita ni mikato tano. Na kila mkato musumeno inakula kidogo. Natosha kwanza ile ya musumeno, kisha nagawa." Kutosha kwa Kiswahili chao ni kutoa.

Alipomaliza, vile vipande viliposimamishwa pamoja ukipitisha kidole juu yake hukuti tuta.

Mzee akaitoa penseli sikioni kwake, akaifuta kwenye shati, akamvisha Amisi. Hakusema neno. Afadhali angesema, ningepata cha kubishia.

Mwanangu, nilirudi kwenye randa yangu bila kumpa hongera. Tangu siku hiyo sikumwona Amisi, niliona sikio. Nikila naliona, nikilala naliona. Akicheka na mteja nasema anajipendekeza, akinyamaza nasema anaringa. Nikawa napita sokoni nawaambia watu, "Yule bwana mnamsifia bure, ile penseli ina dawa. Hamsikii anavyoinong'oneza?" Walioniamini walikuwa wawili, na wote walikuwa wamelewa.

Kuna siku walikwenda kuswali, mimi nikabaki, na penseli ilikuwa juu ya meza. Nikatazama huku, nikatazama kule. Nikaivaa. Nikainama kwenye ndoo ya maji nijione, na kusema kweli nilipendeza. Nikageuza shingo kulia, nikageuza kushoto. Niliponyanyuka Mzee Hamimu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Toyi," akasema, maana ndivyo walivyonifupisha pale, "imekukaa vizuri. Haya niambie, nusu ya futi tano na inchi tatu ni ngapi?"

Nikamjibu, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Weka chini penseli ya watu."

Sasa, wakati huo nilikuwa na mchumba, Adela wa Bangwe. Walikuwa wanaanika dagaa nyumbani kwao, na mdomo wake ulikuwa umekaushwa kwa jua lile lile, mwepesi na una chumvi. Harusi ilikuwa imekaribia. Nikaenda kumsalimia, akanikaribisha kwa kunipa ufagio niondoe kuku kwenye dagaa, halafu akasema, "Shangazi ameuliza kitanda atatengeneza nani."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia ni wewe. Akaniuliza, yule wa penseli? Nikasema hapana, yule mwingine."

Yule mwingine! Mwanangu, nimetukanwa na walevi, nimefukuzwa na mbwa, hakuna neno lililoniingia kama hilo. Nikamwambia, "Adela, utalala kwenye kitanda ambacho Amisi hajakigusa hata kwa kivuli chake."

Akasema, "Sawa. Ila na mimi nataka kulala, si kushindana."

Lakini nani alikuwa anasikiliza? Mwenye wivu masikio yake yanasikia jina moja tu.

Ujue pia desturi ya kwao. Kabla ya harusi, shangazi wa bibi harusi huja kukagua chumba. Akiridhika anatandika shuka kwa mikono yake, na hapo mambo yamekwisha. Asipotandika, harusi inasubiri, hata kama padri ameshavaa. Na shangazi mwenyewe alikuwa Shangazi Yustina, mama mnene, mpole wa uso, aliyewahi kurudisha mahari ya mtu kwa sababu kiti alichopewa kiliyumba. Hakunipenda wala hakunichukia. Alikuwa ananisubiri.

Nikaanza kitanda changu kwenye pembe ya karakana. Kitanda cha tano kwa sita, mninga mtupu. Amisi akaja, penseli ile sikioni, akasema kwa upole, "Toyi, nikupimie?"

"Hapana. Hiki changu."

"Basi chukua penseli, upime mwenyewe."

Ananipa penseli! Kama tajiri anayemrushia maskini mfupa! Nikamwambia sihitaji. Nikachora kwa ncha ya msumari. Ndiyo, mwanangu, nilichora kitanda cha harusi yangu kwa msumari, kwa kuwa penseli ilikuwa na joto la sikio la mtu.

Urefu haukunisumbua. Kulikuwa na kitanda cha mteja kimesimama pale, cha nne kwa sita. Nikachukua kamba, nikapima mbao zake mbili za ubavuni, nikahamisha kama zilivyo. Sita ni sita. Tatizo likawa upana. Cha mteja kilikuwa futi nne, changu nataka tano, hapo hakuna pa kuigilizia. Nikajisemea, tano si tano? Nikachukua futi ya chuma, nikapima futi tano kutoka ukingo wa nje wa tendegu hili mpaka ukingo wa nje wa tendegu lile. Nikakata. Nikajisifu. Nikakata na chaga zote, zile mbao za kulalia godoro, nikazipanga ndani zikaingia sawasawa, nikajisifu tena.

Kichwa cha kitanda ndicho nilichokimwagia roho. Nikachonga samaki wawili, kuhe wakubwa, wanatazamana pua kwa pua kama wanaambiana siri. Magamba unaweza kuyahesabu, kama unajua kuhesabu. Watu waliacha shughuli zao sokoni kuja kuangalia. Nikawa nasimama pembeni namwangalia Amisi kama anaangalia. Aliangalia. Alikaa pale muda, akawapapasa samaki, kisha akaangalia upana wa kitanda, akafungua mdomo, akanitazama usoni, akaufunga. Mimi nikafurahi. Nikasema leo amekosa la kusema.

Alikuwa nalo. Uso wangu ndio ulimnyima nafasi ya kulisema.

Siku ya ukaguzi Shangazi Yustina alikuja na wamama wenzake na godoro jipya, bado liko kwenye nailoni, limebebwa na baiskeli kutoka mjini. Mwendesha baiskeli naye akakaa, aone. Nikawafungulia chumba. Wakawaona wale kuhe, wakapiga makofi. Shangazi akasema, "Mkono unao, mkwe. Haya, lazeni godoro."

Tukalilaza. Upande mmoja likaingia, upande wa pili likakataa. Tukasukuma. Likaingia upande wa pili, likatoka wa kwanza. Nikasema, "Ni jipya hilo, likizoea litakaa." Nikapanda nikalikanyaga kwa miguu yote miwili. Likaingia pande zote, lakini katikati likainuka juu kama andazi lililokolea hamira. Nikakanyaga katikati, likanirusha nje. Wamama wakashika viuno. Mwendesha baiskeli alikaa chini kabisa, akilia machozi.

"Hebu," akasema Shangazi Yustina. Akajilaza juu yake, taratibu, kwa heshima zote. Akabingirika upande wa ukutani. Akainuka, akajaribu tena. Akabingirika upande wa mlangoni, wakamdaka.

Akajipanga kitenge, akanitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Mkwe," akasema, "Adela hatatoka kwetu kuja kulala juu ya mlima. Samaki wako wazuri, lakini mtoto wangu haolewi na samaki. Nitarudi Ijumaa. Nikiikuta hali hii, harusi isubiri mpaka tumpate anayejua kupima."

Anayejua kupima. Hakutaja jina, na kila mtu pale alilisikia.

Nikabaki peke yangu na andazi langu. Unajua nilifikiria nini kwanza? Kukata godoro. Mungu ananiona, nilishika kisu. Kilichoniokoa ni Mzee Hamimu, aliyekuwa ameshapata habari. Ujiji habari haziendi kwa miguu. Akaingia bila hodi, akapitisha kiganja ukingoni mwa kitanda, maana macho hayakumsaidia sana.

"Toyi, godoro linalala nje ya mbao au ndani ya mbao?"

"Ndani, Mzee."

"Wewe ulipima wapi?"

Nikagonga tendegu kwa nje.

"Mbao zako za ubavuni zina unene gani?"

"Inchi mbili."

"Ziko ngapi?"

"Mbili. Huku na huku."

"Basi umemnyang'anya mkeo inchi nne kabla hajafika. Hesabu yenyewe ni mbili na mbili, hata kuku wa Adela wanaiweza. Iliyokushinda ni nyingine. Mwenzako aliliona kosa tangu mwanzo, na ulikuwa umenuna kiasi kwamba mtu anaogopa kukuokoa." Akashika mlango atoke, akageuka. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu. Na wewe mvungu umeutengeneza mwenyewe."

Ndiyo, mwanangu, aliniita mwanangu, na ndiyo maana na mimi nakuita hivyo.

Kutoka pale mpaka ufukweni si mbali, ila siku hiyo miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilijua Amisi akimaliza kazi hukaa kule maboti ya ng'ambo yanapofika, anaulizia habari za kwao. Nilikuwa nimepanga maneno, kwamba nitaanza na hali ya hewa, halafu bei ya mbao, halafu kwa mbali kabisa kitanda. Nilipomfikia ikatoka yote kwa mkupuo: "Amisi, nimekosea, nisaidie, Ijumaa anakuja."

Akasogea nikae. Halafu akasema, "Nilisikia banakucheka kule kwako. Sauti ilifika mpaka karakana."

"Ukafurahi."

"Hapana. Niliona wivu."

Nikadhani ananitania. "Wivu wa kuchekwa?"

"Wewe iko na shangazi wa kukucheka, Toyi. Iko na wamama wa kuleta godoro. Mimi nikikosea hapa nani atacheka? Watasema tu, Mkongo amekosea. Napima mara tatu, mara nne, sababu sina mtu wa kunisamehe." Akachukua kokoto akairusha majini. "Na wale samaki. Mimi nachonga samaki anafanana na kiatu."

Mwanangu, nilikaa pale kama niliyepigwa kibao. Miezi yote ile nilikuwa nammezea mate sikio lake, naye alikuwa anamezea mate mikono yangu na watu wangu. Tulikuwa kama watu wawili wanaochunguliana kwenye tundu moja la ukuta, kila mmoja anadhani upande wa pili ndiko kuna pilau.

Sitakudanganya kwamba wivu uliisha pale. Haukuisha. Ila ulipungua uzito, kama mzigo ukishikwa na watu wawili.

Asubuhi tukakisimamisha kitanda. Mimi nilitaka tukitupe tuanze upya, ila mninga ule haukuwa na ndugu. Amisi akakizunguka, "sanki, sisi, seti," na safari hii nikamwuliza, nini hiyo unasema? Akanieleza. Kumbe ni tano, sita, saba. Dawa yenyewe ndiyo hiyo.

Akasema, "Tunakata kichwa ya kitanda katikati, tunaingiza kipande."

"Kipande cha inchi nne," nikasema haraka, nionekane.

"Inne kamili?"

Nikafikiri. Hiyo, mwanangu, ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kufikiri tangu darasa la tano, na nilisikia kabisa kitu kinasogea kichwani. "Msumeno utakula," nikasema.

"Na nini tena?"

"Nitapiga randa kingo zote mbili zishikane. Randa nayo itakula."

"Basi?"

"Basi inchi nne, jumlisha cha msumeno, jumlisha cha randa."

Akacheka, akanipiga begani. Sijawahi kusifiwa nikajisikia vile, hata siku ya harusi.

Tukakata kati ya pua za wale kuhe. Tukatia kipande cha mvule, maana mninga wa rangi ile haukupatikana, tukaunga kwa vijiti na gundi, nyuma tukapigilia ubao wa kushikilia. Upande wa miguuni vile vile. Kisha nikakumbuka chaga, nikashika kichwa. Chaga zote zilikuwa fupi kwa inchi nne! Amisi alikuwa anaelekea kwenye mbao mpya, nikamwambia, "Subiri. Chaga inakaa juu ya ukanda wa ubao uliopigiliwa kwa ndani ya ubavu. Tukiongeza ukanda kwa inchi mbili upande huu na mbili upande ule, si zitafika?"

Akasimama. Midomo ikacheza. "Zitafika," akasema, na nikaona kwenye macho yake kale kamdudu ninakokajua vizuri. Wivu! Kidogo tu, wa unene wa karatasi. Nikafurahi sana, Mungu anisamehe.

Mwisho tukapima kutoka kona hii hadi kona ile, kisha kona nyingine na mwenzake, vipimo viwili vikalingana. Hapo ndipo unajua kitanda hakijaenda upande kama mlevi.

Ijumaa Shangazi Yustina akaja. Godoro likashuka mahali pake lenyewe, fu, kama mtu anayevua viatu. Akatazama kichwa cha kitanda, ule mstari mweupe wa mvule katikati. "Naona samaki mmewatenganisha," akasema. "Vizuri. Hawajafunga ndoa bado." Akajilaza. Tukasubiri abingirike. Akakaa kimya. Adela alikuwa mlangoni, ameshika shuka kifuani, hajasema kitu tangu aingie, na kwa Adela kunyamaza ni ugonjwa. Tukasubiri. Nikamchungulia Shangazi usoni, nikaona mdomo umefunguka kidogo.

Alikuwa amesinzia.

Tulisimama pale kama walinzi, hakuna aliyethubutu kumwamsha. Alipoamka mwenyewe alijifuta mdomo, akanyoosha mkono kwa Adela bila kugeuka. "Lete shuka," akasema.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na ukizisahau nitakukumbusha kwa ubapa wa randa. Usinijie hapa ukisema umekimbia hesabu. Hesabu iko mbele yako, imekaa juu ya ubao inakusubiri. Sikuombi ujue za vyuo vikuu, mimi mwenyewe sizijui. Jua kwamba futi moja ni inchi kumi na mbili, siyo kumi. Naona mnavyotoa simu mnabonyeza. Simu ikikuambia tano nukta tano, unakata futi tano na inchi tano, kumbe nusu ya futi ni inchi sita, na mlango wa watu umeharibika. Simu inajua kujumlisha, haijui nini cha kujumlisha. Kabla hujapima jiulize, kitu hiki kitakaa ndani au nje? Unene wa mbao jumlisha. Kinacholiwa na msumeno jumlisha. Jifunze nusu, robo na thumni mpaka ziwe majirani zako. Na nusu ya futi tano na inchi tatu ni inchi thelathini na moja na nusu. Ilinichukua muda, lakini nimejibu.

Na wivu? Watakuambia uache. Mimi sikuambii hivyo, maana ningekuwa mwongo. Amisi ana karakana yake Bangwe sasa, meno yake yote yapo, na kila nikimtembelea nikimkuta anatafuna muwa roho inaniuma. Wivu ni hesabu ya kutoa. Unachukua alichonacho mwenzako, unatoa ulichonacho wewe, na jibu linakuchoma. Ila lile jibu ndilo kipimo cha unachopungukiwa, na mtu hapewi kipimo sahihi hivyo bure. Usilikalie ukavimba. Lichukue, umfuate mwenye nacho, umwambie, "Nifundishe." Mgeni njoo, mwenyeji apone. Naye huenda amekaa mahali, anakuonea wivu, anangoja umsogelee.

Nenda mwanangu, na Mungu akusimamie. Akupe mkono usiotetemeka na mdomo usioona haya kuuliza. Akupe rafiki anayejua usichokijua, na moyo wa kumsikiliza kabla hujakata. Vitanda utakavyotengeneza vilaliwe na watu waliopatana, milango yako ifungwe kwa usalama na ifunguliwe kwa wageni wema. Na mashangazi watakaokuja kukagua kazi yako, walale usingizi. Amina.